Kununua chakula kwa pamoja: namna ya kuanzisha kundi la kaya chache mtaani

Mijini kwetu, anayenunua kidogo ndiye anayelipa zaidi. Mafuta ya kupimiwa kwenye kikopo, unga wa nusu kilo, mchele wa robo: ukijumlisha mwezi mzima utakuta kilo ya mtu wa kipato cha siku imemgharimu kuliko kilo ya mwenye gari aliyepakia kiroba mara moja. Huyo mwenye gari naye, akienda supamaketi, ana hasara yake. Unga ni uleule wa mahindi, ila umetiwa kwenye mfuko wenye picha nzuri, na kabla hajaufikia anapitishwa kwenye biskuti, juisi na ofa za "nunua mbili, ya tatu bure". Anaingia akiwa na vitu vitano kichwani, anatoka amebeba kumi na viwili.

Ipo njia nyingine, na ninaiamini kwa dhati. Kaya chache za mtaa mmoja zinaweka oda moja, zinatuma watu wawili soko la jumla, mzigo unaletwa nyumbani, unapimwa na kugawanywa siku hiyohiyo. Hakuna duka, hakuna faida ya kutafuta, hakuna tangazo la kukushawishi. Vifaa ni mzani na daftari. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam, lakini mtu wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura atabadilisha majina ya masoko na vipimo, kazi ibaki ileile.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1844 huko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, watu 28, wafumaji wa vitambaa na mafundi wengine, walichanga pesa wakafungua duka dogo wakaanza na unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Wenye maduka wa wakati ule walikuwa wakipunja vipimo na kuchanganya vyakula na takataka, kwa hiyo masharti yao yalikuwa kipimo kamili, bidhaa safi na kulipa taslimu. Mwaka 1965, mtaa wa Setagaya jijini Tokyo, akina mama wa nyumbani wapatao 200 walijiunga kununua chupa 300 za maziwa kwa pamoja. Kutoka hapo ikazaliwa Seikatsu Club, ushirika mkubwa uliojengwa juu ya vikundi vidogo vya majirani vinavyopokea mzigo mahali pamoja na kugawana wenyewe. Muundo huo wa vikundi vidogo ndio unaotufaa sisi.

Wazee wetu wakisikia "ushirika wa kununua" huenda wakakunja uso, na wana sababu. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na ya vijiji na ya ushirika, na miaka michache baadaye ikaja shida ya foleni za sukari na sabuni. Mzee akikuuliza kama mnarudisha hayo, mjibu kwa heshima kwamba yale yalikuja kwa amri kutoka juu, na hili linaanzishwa na majirani wanaojuana, tena anayetaka kutoka anatoka.

Hatua ya kwanza: watu

Anza na kaya 6, zisizidi 12. Chini ya hapo usafiri utakula akiba yote. Juu ya hapo hamtajuana vya kutosha kukumbushana madeni bila ugomvi. Wanakikoba wenzako, majirani wa nyumba moja ya kupanga, wazazi wa darasa moja, watu wa jumuiya ndogondogo au wa msikiti mmoja, wote wanafaa, mradi wanakaa mahali mzigo unapoweza kufika kwa miguu au kwa toroli.

Usichague watu kwa kipato. Chagua kwa mambo mawili: anakula nini nyumbani kwake, na ahadi zake zikoje. Kaya inayokula sembe tupu na kaya inayokula dona zinaweza kuwa kundi moja. Kaya inayolipa "kesho" kila mara haiwezi, hata kama mwenye nyumba ni mcheshi kiasi gani.

Kikao cha kwanza kiwe kifupi, kwenye mkeka, na kitoke na majina manne: mtunza pesa, mtunza daftari na wanunuzi wawili. Mtunza pesa asiwe mnunuzi. Wanunuzi wawe wawili daima, na mmoja wao abadilike kila oda. Hii haina maana kwamba hamuaminiani. Anayekwenda sokoni peke yake na pesa za watu kumi anabebeshwa mzigo wa kushukiwa hata kama ni mwaminifu, na kumwondolea mzigo huo ni wema.

Hatua ya pili: kipi kinunuliwe pamoja, kipi kiachwe

Nunueni pamoja vitu vikavu vinavyokaa: mchele, mahindi, maharage, dengu, karanga, sukari, chumvi, na mafuta ya kula kwa dumu la lita 20. Sabuni ya kufulia kwa katoni nayo inafaa, haiozi na haipungui uzito njiani kama nafaka.

Mboga, nyanya, samaki na ndizi mbivu viacheni. Vinaharibika, havigawanyiki sawa, na mama wa genge mtaani anavileta vizuri kuliko mtakavyoweza. Kumnyang'anya yeye riziki kwa ajili ya shilingi mia mbili ni kubomoa mtaa mnaotaka kuujenga. Na Mangi wa dukani hamtamwacha moja kwa moja: siku ya dharura ndiye anayekukopesha kiberiti na robo ya sukari saa tatu usiku. Kundi haliwezi kufanya hivyo, wala lisijaribu.

Mtunza daftari apite kila kaya na swali moja: "Kwa mwezi mnakula kilo ngapi?" Wengi hawajui. Mwambie kila mmoja aandike kwa wiki mbili kila anachopika, kisha azidishe. Zoezi hili dogo ndilo linalobadilisha macho ya mtu. Akishajua kwamba nyumba yake inakula kilo 25 za mchele kwa mwezi, tangazo la ofa halimyumbishi tena, kwa sababu anajua anachohitaji kabla hajaambiwa.

Hatua ya tatu: pesa mbele, hesabu wazi

Kanuni ni moja: pesa kwanza, oda baadaye. Asiyelipa hadi siku ya mwisho iliyopangwa, jina lake halipo kwenye oda hiyo, lipo kwenye ijayo. Wale wa Rochdale walikataa mkopo kwa sababu mkopo ndio uliokuwa ukiua maduka madogo kama lao. Mwenye shida ya kweli asaidiwe kwa kuchangiwa, waziwazi, nje ya hesabu ya mzigo. Msichanganye hisani na manunuzi kwenye daftari moja.

Pesa zikusanywe kwenye laini au akaunti ya kikundi ambayo zaidi ya mtu mmoja anaweza kuona salio. Ongeza asilimia tano juu ya bei ya kukisia, kwa sababu bei ya sokoni asubuhi siyo ya jana yake. Kinachobaki kinarudishwa au kinaandikwa kuwa akiba ya kaya hiyo.

Bei ya kilo huwa inapigwa vibaya, na vikundi vingi vinagombana hapo. Chukua mfano huu wa namba za kubuni. Mmenunua magunia matatu ya mchele, kilo 300, kwa Sh 2,200 kwa kilo: ni Sh 660,000. Wapagazi wa kupakia na kushusha, Sh 9,000. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, hadi nyumbani, Sh 40,000. Jumla Sh 709,000. Mkifika nyumbani na kugawa, mzani unaonyesha mmegawana kilo 296 tu: vumbi, mchele uliomwagika, tofauti ya mizani. Gawanyeni 709,000 kwa 296, siyo kwa 300. Inakuja kama Sh 2,395. Lipeni 2,400 na chenji ya Sh 1,400 ikae kwenye mfuko wa kundi. Mkigawanya kwa 300 mtapata bei tamu ya Sh 2,363, na pengo la zaidi ya Sh 9,500 litamwangukia mtunza pesa, ambaye ataanza kuulizwa maswali asiyostahili. Kama kilo dukani ni Sh 2,800, kaya ya kilo 25 imeokoa Sh 10,000 kwenye mchele peke yake, na hesabu imefunga.

Daftari lipigwe picha kila baada ya mgao, itumwe kwenye kundi la WhatsApp. Hata asiyesoma hesabu ataridhika akijua haifichwi.

Hatua ya nne: sokoni

Kwa nafaka Dar, Tandale ni mahali pazuri pa kuanzia. Nenda asubuhi, na safari ya kwanza usinunue mzigo. Zunguka, salimia, uliza bei kwa wafanyabiashara kadhaa, kisha nunua kilo moja moja kwa wawili watatu ukapike nyumbani. Mchele mpya hunata, wa zamani huchambuka na kuongezeka sufuriani. Maharage yaliyokaa sana ghalani yanaweza kuwa na bei nzuri na sura nzuri, lakini yakachemka mchana kutwa bila kuiva, na mkaa ukamaliza akiba yote uliyodhani umepata. Hilo hulioni kwa macho, unalijua jikoni.

Siku ya mzigo, omba bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa kwenye gunia kutoa sampuli. Chomeni juu, katikati na chini ya kila gunia, mmwage kiganjani, mlinganishe. Gunia linaloanza na mchele mrefu mweupe na kuishia na chenga chini ni hila ya zamani. Nusa pia: harufu ya uvundo au ya dawa, achana nalo bila kujadili bei.

Mahindi yana kipimo chake cha nyumbani ambacho kila mnunuzi anapaswa kukijua. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, halafu iache itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo, na Tanzania ilipoteza watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizokunjamana zichambuliwe zote, na gunia lenye nyingi likataliwe hata kwa nusu bei.

Nunua kwa kilo kwenye mzani, usinunue kwa gunia wala kwa debe. Kama muuzaji ni mtu mzima, anza na shikamoo yako, kisha sema bila haraka: "Mzee wangu, sisi ni watu wa kila mwezi. Tupimie kwa kilo, na tutarudi." Ahadi ya kurudi ina thamani kwake kuliko kubishana shilingi hamsini. Mzani wa biashara unatakiwa kuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, iangalie.

Na kuna jambo la lumbesa. Mkipata nafasi ya kununua kwa mkulima moja kwa moja, kuna dalali atakayewashauri mdai gunia lililovimba na kushonewa kilemba juu kwa bei ya gunia la kawaida. Kataeni. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kila kilo inayozidi imetoka mdomoni kwa mtu aliyelima. Hatuwezi kulalamika kwamba sisi tunapunjwa dukani, halafu tukampunja aliye shambani. Lipeni kilo zote.

Kuhusu majira: mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanavunwa kati ya Mei na Agosti, na baada ya hapo ndiyo bei huwa na nafuu kabla ya kupanda kuelekea mwanzo wa mwaka. Mchele, sukari na unga wa ngano hupanda Ramadhani inapokaribia, hivyo oda ya futari iwekwe mapema, Rajabu ikiwezekana.

Hatua ya tano: kugawa

Gawaneni mchana, nje, mbele ya watu. Tandikeni turubai safi, mzigo umwagwe juu yake gunia moja baada ya jingine, na kila kaya ije na chombo chake: ndoo yenye kifuniko, kiroba kilichofuliwa, pipa dogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na kwa kazi hii hamuihitaji.

Kabla ya kuanza, jaribuni mzani wenu mbele ya wote. Pima galoni tupu, ijaze maji lita 20, pima tena: tofauti iwe kilo 20. Ikipungua au kuzidi, rekebisheni kwanza. Jambo hili huchukua dakika tano na hufunga midomo ya mwezi mzima.

Chombo kipimwe kikiwa kitupu, uzito uandikwe, kisha kijazwe. Mtu mmoja anachota, mwingine anasoma mzani kwa sauti, wa tatu anaandika. Anayesoma asiwe anayeandika. Wa mwisho kugawiwa wawe wanunuzi wenyewe, ili kilichopungua kionekane kwao kwanza, na chenga zilizobaki kwenye turubai zipewe mwenye kuku.

Hatua ya sita: kuhifadhi

Mchele na maharage ya mwezi mmoja yanatosha kwenye ndoo iliyofungwa vizuri. Mahindi ya miezi mitatu au zaidi yanahitaji mifuko ya tabaka tatu, ile inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo: miwili ya nailoni nzito ndani na mmoja wa kiroba nje. Haitumii dawa. Wadudu waliomo, fukusi na hata dumuzi, humaliza hewa ya ndani na kufa. Masharti ni kwamba nafaka iwe imekauka, hewa itolewe kwa kukandamiza, na kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake: pinda, kunja, kaza kwa kamba. Ukiufungua kila siku umeuharibu, kwa hiyo fungueni mmoja, ugawanywe wote, ndipo mfungue mwingine. Weka juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, na mlinde na panya, kwa kuwa tundu dogo la jino linarudisha hewa.

Kusaga kufanywe kidogo kidogo. Dona lina kiini cha mahindi chenye mafuta, hivyo huchacha mapema. Sagisheni la wiki mbili tatu. Mkikoboa kupata sembe, pumba ni mali yenu: dai zirudishwe, au zikatwe kwenye gharama za mashine. Kukoboa hupunguza sumukuvu kiasi fulani, ila hakumfanyi mtu ale mahindi mabovu kwa amani.

Mafuta ya alizeti, kama mnapata ya Singida au Dodoma, yakae gizani, na dumu liwe jipya au mnalolijua lilibeba nini kabla. Dumu la kuokota sokoni linaweza kuwa lilikuwa na dawa ya shamba.

Baada ya chakula

Kundi likishazoea, litaona vitu vingine vinavyofuata njia ileile. Ngazi, drili, pasi ya mkaa, sufuria kubwa na turubai la shughuli havihitaji kuwa kumi kwa nyumba kumi. Viandikwe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, nani anacho na sharti gani la kukiazima.

Sare za shule nazo zinastahili kundi. Desemba na Januari ndipo watu wanapobanwa na kununua zilizoshonwa harakaharaka, zenye upindo wa nusu kidole. Mwezi Oktoba nendeni Kariakoo mkanunue kitambaa kwa jora, mpeleke kwa fundi cherehani wa mtaani akiwa hana foleni, mmwambie aache upindo wa vidole vinne kwenye suruali na sketi na mshono wa kiuno wenye nafasi. Mtoto akirefuka, fundi huyohuyo anauachia, na sare moja inakwenda mwaka wa pili. Ikimbana yeye, bado inamfaa mdogo wake au mtoto wa kaya jirani.

Kundi likikua

Watu wakiona mizigo inashuka watataka kuingia. Zikizidi kaya 12, gawanyikeni makundi mawili yenye madaftari mawili, ila endeleeni kuagiza gari moja. Makundi yakiwa mengi na pesa zimekuwa kubwa, ndipo mfikirie kusajili ushirika. Afisa ushirika wa halmashauri atawaeleza masharti chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Kabla ya hapo, usajili utawachosha bure.

Anayetoka alipwe akiba yake siku hiyohiyo, mbele ya watu wawili, asaini. Na anayehama mtaa apewe nakala ya kurasa za kwanza za daftari, zenye kanuni na jedwali la bei, akaanzishe kundi huko aendako.